Mashimo Ishirini na Manne

Jumamosi, 28 Juni 2025

Imetembea! Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mashine ya CNC, ya kuchonga mbao kwa amri za kompyuta, iliyokaa kwenye maboksi tangu Pasaka imesogea kulia kwa amri yangu, milimita 100. Naandika 100 kwa kuwa ndivyo nilivyoiamuru. Ilichosogea kwa kweli, kwa kipimo cha vernia, ni 99.2. Nimepima mara tano. Mara tano jibu lile lile. Kosa lisilobadilika ni kosa lenye adabu. Hurekebishwa kwa uwiano tu. Nimecheka peke yangu stoo — mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mhadhiri wa hisabati, nimevaa soksi mbili juu ya mbili kwa baridi hii ya Usa River.

Mama alichungulia. Akauliza kama mashine inachekesha. Nikamjibu kwamba inachekesha kwa asilimia sufuri nukta nane. Akaenda zake.

Niandike sababu, kwa maana furaha isiyo na sababu hunitia shaka. Mimi na Sakaya, daktari wa mifugo, tumekubaliana kuoana. Baba yake, Mzee Meitamei wa Kisongo, hajakubali wala hajakataa. Hadi aje mwenyewe na wazee wake kwa Mama kuleta posa, makubaliano yetu ni rasimu. Nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza niliinamisha kichwa, akanigusa utosini, akanyamaza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu, Jumamosi iliyopita, alitamka sentensi nzima: "Bao langu limepasuka." Ni bao la enkeshui, mchezo wao wa vijiwe na vishimo vya safu mbili.

Sakaya anashikilia kwamba ile haikuwa oda. Mzee alikuwa analalamika tu, kama anavyolalamikia mvua. Mimi nimeipokea kama oda.


Jumapili, 29 Juni 2025

Ibada ya kwanza. Sikusikia mahubiri vizuri. Nilikuwa nagawanya 100 kwa 99.2.

Programu ilikuwa imewekewa hatua 80 za mota kwa kila milimita. Sasa ni 80.645. Nimeamuru 100, imekwenda 100. Nimeamuru 250, imekwenda 250! Nimeamuru 37.5 kwa ukorofi tu — 37.5. Mama anasema nisiimbe tenzi za kanisani stoo, majirani watadhani kuna msiba.

Nimempigia Sakaya: bao la baba yake lina mashimo mangapi? Alikuwa Monduli kwenye chanjo, ng'ombe wanalia nyuma yake. "Nane kila upande. Mwalimu, hata mtoto anajua."

Nane kila upande. Upana wa shimo 60, kutoka kitovu hadi kitovu 75. Urefu wote 585. Programu ya mashine inaamini kwamba meza ina 600, ijapokuwa chuma chenyewe ni kirefu zaidi — muuzaji alinitumia reli ndefu pamoja na mipangilio ya mashine fupi. Kwa sasa haidhuru. 585 inaingia ndani ya 600. Mpaka nisiouelewa sitaugusa bila haja.


Jumatano, 2 Julai 2025

Mashimo kumi na sita. Dakika themanini na nne. Tofauti kati ya shimo pana kuliko yote na shimo jembamba kuliko yote: milimita 0.1. Kuta wima. Sakafu bapa kama meza ya maabara.

Nimezipanga pipi za Mama ndani yake, moja moja, nikakaa kuzitazama. Sijui muda gani. Sikuhesabu! Hilo nalo niliandike.


Jumamosi, 5 Julai 2025

Kisongo. Nilikataliwa. Ni siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Kwa utaratibu. Sakaya alinifikisha saa tano. Upepo, vumbi, ndege ndogo za watalii zinashuka nyuma ya zizi. Mzee alikuwa amekaa ukutani upande wa jua. "Takwenya," akaniamkia kwa Kimaa. "Iko," nikaitikia. Nikamkabidhi bao kwa mikono miwili. Akaliweka magotini. Akapitisha kidole juu ya mashimo, moja baada ya jingine, safu ya kwanza, safu ya pili. Kisha akamtazama mwanawe, siyo mimi.

"Hili ni la watoto."

Sakaya akaanza kusema kwamba wao siku zote walicheza nane. Mzee akamwambia: ulicheza nane kwa sababu ulikwenda shule ya bweni ukiwa na miaka saba, ukarudi na viatu. Nani angekufundisha la wazee? Viatu vyako? La wazee ni kumi na mbili kila upande!

Daktari wa mifugo wa miaka arobaini na sita akatazama viatu vyake. Nilijiuma shavu nisicheke.

Halafu mzee akatoa vijiwe kwenye kifuko cha ngozi, akavitia vinne katika shimo moja, akajaribu kuvizoa kwa mkupuo, kwa vidole vitatu. Viwili vikatoka. Viwili vikabaki kwenye pembe ya ukuta na sakafu. Akajaribu tena. Kimoja kikabaki. Akaniuliza — mimi sasa, uso kwa uso — kama mtu huzoa vijiwe kwa mkono au kwa kijiko.

Ana haki kabisa. Nilichonga shimo la mchora ramani. Yeye anataka shimo la mkono. Chini liwe duara, kama kiganja kilichokunjwa. Nilitoa daftari hapo hapo. Nikaomba ruhusa ya kupima mkono wake. Sakaya alishika kichwa. Mzee akaunyoosha mkono kimya, kama anayepimwa presha. Vidole vitatu pamoja: 58. Kwa hiyo 60 ilikuwa ndogo kiasi, iwe 64.

Nilihesabu sentensi zake zote: kumi na moja. Ya mwisho, tukiwa tumeshaaga: "Likiwa la wazee, tutaongea habari ya Usa River."

Habari ya Usa River ni mimi! Ni Mama, ni posa! Nilipiga kelele garini hadi Sakaya akasimamisha gari akidhani tumegonga mbuzi.


Jumapili, 6 Julai 2025

Kumi na mbili kila upande. Kitovu hadi kitovu 75 bado inatosha. Mara kumi na moja ni 825. Ongeza 64: ni 889. Haiingii ndani ya 600 kwa hesabu yoyote, hata ya maombi.

Na mbao? Mama alinisikiliza, akaniambia nipande darini. Ubao wa mringaringa, mti wa baba yangu mwenyewe, uliokaushwa tangu mwaka aliofariki. Mama alikuwa ameuweka kwa ajili ya kabati la vyombo. Futi tatu na nusu. Hauna fundo hata moja.

Nikamwambia ubao ni huu mmoja tu, nikikosea hakuna mwingine. Akasema: "Basi usikosee, Anande." Kisha, kama anayesema jambo dogo, akauliza wazee wa Kisongo huwa wanapenda chai ya maziwa matupu au iliyochanganywa.


Jumatatu, 7 Julai 2025 (Sabasaba)

Sikukuu, na nimeisherehekea ipasavyo.

Kila inapowashwa, mashine hii haijui iko wapi. Sharti irudi kwanza hadi kona inayoiita nyumbani, iguse swichi ndogo, irudi nyuma milimita 2, ndipo ianze kuhesabu. Na kwa kuwa nyumbani kwake ni mwisho wa kulia, mbali, kila mahali pengine pana namba hasi. Meza nzima iko chini ya sufuri! Nilipoelewa hivyo nilisimama. Nilihitaji kusimama.

Jaribio la kwanza: niliiamuru iende milimita 601 kutoka nyumbani. Kengele. Skrini nyekundu: mwendo umevuka mpaka. Haikusogea hata unywele. Ng'ambo ya 600 kuna reli tupu zaidi ya futi, inang'aa, na yenyewe imekataa kwa sababu imeandikiwa kwamba dunia inakoma hapo. Nimewahi kuwa na wakuu wa idara wa namna hiyo.

Jaribio la pili: nikazima ulinzi wa mpaka. Nikaisukuma milimita moja moja, mkono wa kushoto juu ya kitufe chekundu. 700. 800. 900. 910. Kwenye 912 mkono wa mashine ukagusa chuma cha mwisho, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nimerudia mara tano. 912, 912, 912, 911.9, 912.

912, toa 2 za kurudi nyuma, toa 5 za tahadhari: 905. Nikaandika kwenye mipangilio: −905. Programu ikakataa, thamani haiwezi kuwa hasi. Urefu hauna hasi! Mahali ndipo pana hasi, urefu hauna! Mimi, ambaye huwakata wanafunzi nusu alama kwa kosa hilo hilo. Nimejikata nusu alama.

905. Imekubali. Nikarudisha ulinzi. Nikaamuru 904 — ikaenda. Nikaamuru 906 — kengele! Kengele nzuri kabisa. Nimeiamuru 906 mara nne zaidi ili niisikie tu.


Jumanne, 8 Julai 2025

Mafua. Vumbi la mbao. Furaha iko pale pale.


Alhamisi, 10 Julai 2025

Mjini kutafuta biti yenye ncha ya duara, ya kuchonga chini kama bakuli. Maduka matatu hawana. Hatimaye Daraja Mbili, kwa Ludovick, fundi wa makabati. Akanigeuzia biti mkononi: dada yangu, hii kazi yake ni maua ya vitanda vya maharusi, wewe unachonga nini? Nikasema: posa. Akacheka sana, akaita na mwenzake aje aangalie mwanamke anayechonga posa. Amenikopesha. Nirudishe pamoja na habari.

Jioni, jaribio la hewani: nimefunga kalamu mahali pa biti, mashine ikachora duara ishirini na nne juu ya karatasi za mitihani ya mwaka jana. Zote zimeingia. Kutoka ukingo wa shimo la mwisho hadi mpaka wa 905 nimebakiwa na nafasi ya milimita 15. Si kubwa. Inatosha, ubao ukikaa nilipouweka.

Sakaya amepiga. Mzee anataka kuja Jumamosi kuona "chuma kinachochonga chenyewe". Nikauliza, anakuja kuona mashine au kuongea habari ya Usa River? Sakaya akasema baba yake haulizwi swali lenye "au".


Jumamosi, 12 Julai 2025

Nitaandika yote, ingawa bado nacheka.

Walifika saa nne. Mlima ulikuwa umejitoa kwenye mawingu kwa mara ya kwanza wiki hii. Mama alimwamkia mzee, wakasifiana afya, kisha mzee akaingia stoo na fimbo yake na blanketi jekundu, akakaa kwenye kigoda karibu kabisa na meza ya mashine. Ubao wa baba ulikuwa tayari, nilikuwa sijaufunga vibanio. Mzee akautazama. Akaunusa. Kisha akausogeza kuelekea dirishani, upande wa mpaka, vidole vinne hivi, ili auone vizuri.

Hapa ndipo nilipokosea, na naliandika kosa langu wazi. Nilijua nafasi ni milimita 15. Vidole vinne vya mzee ni kama 70. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya ubao, na mimi si mtu wa kuusogeza mkono wa Mzee Meitamei mbele ya Mama. Nikafunga vibanio pale pale alipouacha. Nikaweka sufuri ya kuanzia pale pale. Kwa heshima. Sikuhesabu upya!

Shimo la kwanza. Mzee hakupepesa. La pili, la tatu. Kwenye la tano akasema kitu kwa Kimaa, Sakaya akatafsiri: anauliza nani anaiambia. Nikamwonyesha skrini. Mzee akaitazama skrini, akanitazama, akasema inaonekana ni mimi. Nikasema ndiyo, shikamoo — sijui kwa nini nilisema shikamoo. Mama alitoka nje kucheka.

La kumi na moja likaisha. Biti ikapanda, ikaanza kwenda la kumi na mbili — kengele. Mashine ikasimama. Ndipo nilipokumbuka vidole vinne.

Mzee: "Imeogopa?"

Nikamwambia haikuogopa. Imeambiwa kuna mahali haitakiwi kuvuka, na hilo shimo limeangukia ng'ambo ya hapo. Ingevuka, ingegonga chuma na kuharibu ubao.

Akawaza. "Ina adabu," akasema. Kisha, taratibu: "Na nani aliweka ubao huku?"

Sakaya alisoma ukuta. Mzee akatutazama mmoja mmoja, mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi blanketi likateleza. Akamwambia mwanawe: huyu ameona nimekosea, akaogopa kunisogeza! Akanigeukia: "Mwalimu. Siku nyingine sema."

Siku nyingine! Kuna siku nyingine!

Nikafungua vibanio, nikaurudisha ubao, nikashusha biti iliyozimwa hadi kitovu cha shimo la kwanza, nikahakiki kwenye la kumi na moja. Likakubali. Saa nane na nusu shimo la ishirini na nne likakamilika. Mzee akatia vijiwe vinne, akazoa kwa vidole vitatu. Vinne vikatoka. Akarudia. Vinne. Hakusifu. Akamimina kifuko kizima juu ya ubao, arobaini na nane, bado umefungwa kwenye meza ya mashine, bado una vumbi.

"Kaa."

Nikakaa. Sakaya akavuta kigoda. Mzee akamwambia: wewe nenda kaangalie mbuzi wa jirani, hili si la watoto.

Nilicheza vibaya na kwa furaha isiyo na kipimo. Sheria alinifundisha kwa kunipiga vidole: si huko! Rudi! Ukishika, umecheza! Saa kumi na moja nikauliza kwa unyenyekevu habari ya Usa River. Akasema tutaongea mchezo ukiisha. Akainuka, akafunga blanketi. "Usiguse. Kesho."

Siwezi kuiwasha mashine. Ikirudi nyumbani itavifagia vijiwe vyote.


Jumapili, 13 Julai 2025

Alikuja baada ya ibada. Saa tatu nzima. Anawaza kila zamu kama anayenunua dume la mbegu. Wakati mwingine nahisi keshaona la kucheza, lakini hachezi. Anakunywa chai, ananiuliza kwa nini meza iko chini ya sufuri, anasikiliza hadi mwisho. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusikiliza hadi mwisho.

Mama alipopita na chupa ya chai, mzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku atakapomletea mama yangu blanketi na asali, mimi na yeye tutakuwa wakwe. Kwao wakwe hawakai hivi. Hawachekeani, hawagusani mikono juu ya bao moja. Ni heshima. Akahesabu vijiwe vyake. "Kwa hiyo," akasema, na hakumalizia.

Nimekaa na hiyo "kwa hiyo" tangu saa tisa.

Aliondoka zamu ikiwa yangu. Fimbo yake imebaki, imeegemezwa kwenye reli ya mashine. Nimempigia Sakaya arudi aichukue. "Fimbo? Baba hajawahi kusahau fimbo."


Jumatatu, 14 Julai 2025

Saa mbili asubuhi. Nimechora bao lote kwenye karatasi na kulihesabu zamu kwa zamu. Jibu ni moja na halina shaka. Nikicheza shimo la saba, mchezo umekwisha leo. Atakuwa ameshindwa, na atalazimika kuongea. Nikicheza shimo la tisa, hakuna anayeshinda kabla ya Jumapili ijayo. Labda mbili. Hadi hapo mimi na yeye bado si wakwe.

Mama ametoa vikombe vya harusi yake, amevisuuza, amevipanga. Hajaniuliza kitu. Ludovick ametuma ujumbe: biti yangu vipi, na posa je?

Saa tatu kasoro. Sakaya ameandika: "Tuko njiani. Baba amevaa blanketi jipya. Kwenye buti kuna dumu la asali. Lakini na kifuko cha vijiwe vya akiba kipo. Hasemi."

Miaka kumi na tisa nafundisha kwamba kati ya njia mbili zinazofika, iliyo fupi ndiyo nzuri. Nimeamka na hakika hiyo. La saba. Nimenawa mikono, nimefuta vumbi kwenye ukingo wa ubao, nimeiweka fimbo wima vizuri.

Gari limeingia getini. Namsikia Mama akimwamkia mzee. Namsikia akijibu, halafu anacheka — na anauliza, kabla hata ya chai, kama mwalimu amegusa.

Nimesema hapana, kwa sauti kubwa, kupitia mlango. Ilikuwa kweli nilipoanza kuisema. Hatua zake ziko kwenye kokoto. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia uko ndani ya shimo la tisa